Hadithi Ina Mlango

(Mazungumzo ya jioni redioni, kwa wazazi na walimu wa watoto)

 

Kila mwezi wa Oktoba unapokaribia mwisho, wazazi wa huku kwetu, kuanzia Kilifi hadi Malindi na vijiji vya bara yake, hutuuliza swali moja. Watoto wao wameona katika simu, au kitabuni, au dukani mjini, picha za mizimu na mifupa na maboga yenye meno. Wazazi wanauliza: Je, mambo haya yafaa? Tuwape watoto vitabu vya kutisha, au tuvitupe? Jioni hii tunataka kujibu, maana jibu lake laweza kuokoa uhai wa mtu. Hatuongezi chumvi. Tusikilizeni mpaka mwisho, nanyi mtaona.

Tuanze na hayo maboga. Tarehe 31 Oktoba, katika nchi za Ulaya na hasa Marekani, watoto huvaa vinyago, huchonga maboga na kutia taa ndani yake, kisha huenda nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Siku hiyo huitwa Halloween. Jina lenyewe lilitoka kanisani, maana yake ni jioni ya kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo huadhimishwa tarehe 1 Novemba. Zamani watu wa Ireland na Scotland walichonga mizizi mikubwa ya shambani; walipohamia Marekani walikuta maboga, wakaona ni rahisi zaidi. Siku hizi desturi hiyo imefika hata katika miji yetu. Sisi huku boga hulipika kwa tui la nazi, na kwa maoni yetu hilo ndilo jambo jema kuliko yote mtu awezayo kulitendea boga.

Lakini hatukuja redioni kugombana na maboga. Wala tusijifanye kana kwamba mambo ya kutisha yaliletwa kwetu na ndege. Sisi wenyewe tulilelewa na zimwi. Tuliambiwa habari za majini wa baharini, za pepo wakaao mibuyuni, na za mumiani wanyonyao damu, nasi tukafika nyumbani kabla ya jua kutua bila kuitwa mara ya pili. Kwa hiyo tusiulize kama mtoto wa pwani atasikia hadithi za kutisha. Atazisikia. Tuulize hivi: Atazisikia kwa nani, akiwa na umri gani, na zitaishia wapi?

Ngojeni tuwasimulie jambo tuliloliona kwa macho yetu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kuwatembelea Wakristo wa kijiji kimoja bara ya Malindi, mbali na barabara ya lami. Hatutakitaja jina, wala watu wake. Tulikaribishwa na mama mmoja mzee, mjane, mwenye mvi kichwa kizima. Alitutandikia mkeka chini ya mwembe, akatuma madafu yaangushwe. Tulipokwisha kunywa sisi wageni, alichukua dafu lililobaki akamnyoshea mjukuu wake, mtoto wa kiume wa miaka minane hivi. “Chukua, mume wangu,” akamwambia, kama nyanya wa huku wanavyowatania wajukuu wao.

Mtoto alirudi nyuma hatua mbili, akaficha mikono mgongoni. Nyanya akalitua lile dafu chini, akacheka kidogo. Lakini tuliona jinsi mkono wake ulivyotetemeka.

Baadaye tulimkuta mtoto nyuma ya nyumba, tukamwuliza taratibu. Akasema kwamba usiku nyanya yake hugeuka paka, akapanda juu ya mapaa ya makuti, na kwamba kila anywaye kitu cha mkononi mwake hufa. Nani amekuambia? Kaka zangu. Nao walisikia kwa nani? Kwa watu wazima, waliokuwa wakizungumza usiku habari za shamba. Kumbe palikuwa na shauri la shamba! Wengine katika jamaa walitaka liuzwe, na mama yule alikuwa amekataa. Kisha mtoto akaongeza neno moja: “Hata mwalimu wa Jumapili alisema wachawi wamo humu kijijini.”

Tulitazamana. Mwalimu huyo alikuwa mmoja wetu, naye alikuwa amesimama pale pale. Majuma machache kabla ya hapo, alipokuwa akifundisha habari ya Mfalme Sauli na yule mwanamke wa Endori, katika kitabu cha kwanza cha Samweli sura ya 28, aliona watoto wanasinzia. Basi akapaza sauti, akawaambia kwamba watu kama yule wako karibu nao, hata katika kijiji chao. Hakumtaja mtu. Hakuwa na nia mbaya. Lakini mtoto alikwenda nyumbani, akatafuta ni nani huyo aliyesemwa, akamwona mwenye mvi.

Tangu siku ile tumefikiri sana juu ya tofauti iliyopo kati ya hadithi na uvumi. Wazee wetu waliijua tofauti hiyo. Msimuliaji husema kwanza, Paukwa! Watoto huitikia, Pakawa! Hapo mlango umefunguliwa. Mtoto anajua kwamba sasa anaingia katika nchi nyingine, ambako wanyama husema na mazimwi hula watu. Na hadithi ikiisha, msimuliaji huifunga, kila mtu akarudi kwake. Taa ni ile ile, mama ni yule yule, na mbuzi wamo zizini. Zimwi amebaki ndani ya hadithi.

Uvumi hauna Paukwa. Huingia bila kupiga hodi, wala hauna mwisho. Na zimwi wa uvumi ana jina, ana nyumba, na njia aipitayo kwenda kisimani yajulikana.

Hata wale watoto wa ng’ambo, jioni yao ya Halloween ikiisha, huvua vinyago, wakala peremende zao, wakalala. Kinyago alichovikwa mama yule hakuwa na uwezo wa kukivua.

Basi kipimo chetu ni hiki. Hadithi ya kutisha yenye mlango wa kuingilia na wa kutokea ni chakula cha mtoto, ikiwa imepikwa kwa kadiri ya umri wake. Ile isiyo na mlango ni sumu kwa umri wowote. Sasa tutazame umri mmoja mmoja.

Kwanza ni watoto wadogo, wasiofika miaka 6. Mtoto wa umri huu hajaweza kutenga vizuri kilicho ndani ya kitabu na kilicho chini ya kitanda. Yeye hahitaji kuongezewa zimwi. Giza lenyewe lamtosha. Mkimsomea kitabu chenye picha ya kutisha kidogo, mpakateni, na afungue ukurasa mwenyewe na kuufunga mwenyewe. Mkono wake ukiwa juu ya kitabu, yeye ndiye bwana wa zimwi. Akisema basi, iwe basi.

Tena msitumie hofu kumfanya mtoto ale au alale. Wako wanaosema: Nyamaza, daktari atakuja akuchome sindano. Nyamaza, polisi atakuchukua. Nyamaza, yule mzee atakula. Je, siku mtoto akiugua, mtampeleka kwa nani? Siku akipotea sokoni, atamkimbilia nani? Katika siku za ukoloni uvumi wa wanyonya damu ulienea pwani na bara. Huko Nairobi na Kampala watu waliwashuku wafanyakazi wa kuzima moto, hata neno wazimamoto likawa jina jingine la wanyonya damu. Hebu fikirini: Nyumba yawaka, na mtu anamkimbia yule aliyekuja na maji! Hayo ndiyo matunda ya hofu iliyopewa sura ya mtu.

Pili ni watoto wa miaka 7 hadi 10. Hawa ndio wapenzi wakubwa wa mazimwi, wala tusiwanyime. Wameanza kuona kwamba dunia ina hatari, nao wanataka kujua kama hatari hushindwa. Hadithi njema huwajibu kwamba hushindwa. Edward Steere, ambaye mwaka 1874 alifanywa askofu huko Zanzibar, hakuona haya kukaa na watu wa Unguja na kuandika hadithi zao kama walivyozisema. Kitabu chake kilichapwa London mwaka 1870, na ndani yake imo hadithi ya nunda mla watu. Sultani alikuwa na paka. Paka akaanza kula mifugo midogo. Watu wakalalamika, sultani akamtetea, maana paka ni wake na mifugo ni yake. Paka akazidi kukua, akala wanyama wakubwa, kisha akala watu. Sultani bado akamtetea, hata siku paka, aliyekwisha kuwa nunda, alipowala watoto wake mwenyewe. Ndipo kijana wake mdogo akatoka kwenda kumtafuta. Aliua mnyama mmoja baada ya mwingine akidhani ndiye, na kila mara mama yake alimwambia kwamba siye, mpaka mwishoni akamwua nunda mwenyewe.

Hadithi hiyo yatisha kweli, nayo yafaa sana kwa mtoto wa miaka 8. Mdogo ndiye anayeshinda. Na mtu mzima anayeisoma naye apata fundisho lake: Ovu lililofugwa nyumbani na kutetewa halikomi kwa kuku wa jirani.

Wagiriama nao walikuwa na habari za katsumbakazi, kiumbe mfupi sana, mwenye kuona uchungu kwa ajili ya ufupi wake. Akikutana na mtu humwuliza, Umeniona wapi? Mtu akijibu kwamba amemwona sasa hivi, hapo karibu, basi siku zake si nyingi. Lakini mwenye adabu na akili husema, Nimekuona tangu kule mbali! Huyo huachwa salama, na pengine hupata bahati njema. Mtoto anatetemeka, kisha anacheka, na kesho yake anajua kwamba si vema kumdharau aliye mfupi. Tusimwache mtoto na mtetemo peke yake. Tumpe na kicheko na fundisho lake. Kisha mwambieni yeye awasimulie ninyi. Mtoto akiweza kuisimulia hadithi tangu Paukwa hadi mwisho, jueni kwamba hofu yake imekaa mahali pake.

Tatu ni watoto wa miaka 11 hadi 13. Hawa huanza kuuliza, Je, ni kweli? Msiwajibu kwa kuwatisha zaidi, wala msiwacheke. Wachukueni waende wakaone. Sisi tunalo darasa zuri ajabu, yaani magofu ya Gede, karibu na Watamu. Tangu zamani watu wa hapo wamesema kwamba mahali pale pana pepo. Bwana James Kirkman, aliyeanza kuchimba huko mwaka 1948, aliandika kwamba mwanzoni hata yeye alihisi kama kwamba yuko mtu anayemtazama kutoka nyuma ya kuta. Basi mtoto asione haya kuogopa, ikiwa mwanachuoni naye alihisi hivyo.

Lakini Bwana Kirkman hakukimbia, bali aliendelea kuchimba. Kulipatikana misikiti, nyumba, visima, shanga, na vyombo vya kutoka China. Liko kaburi lenye mwaka ulioandikwa juu yake, mwaka 802 wa Kiislamu, yaani 1399. Kumbe nyuma ya kuta palikuwa na watu kama sisi, waliopika, walioswali, waliozika wafu wao na kuwalilia. Mji wao uliachwa katika karne ya 17, na wataalamu wametaja sababu nyingi, kama vile vita na maji ya visima kushuka chini. Mwaka 2024 Gede iliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mpeni mtoto kitabu cha kutisha juu ya magofu, kisha mpelekeni Gede mchana. Mara nyingi sauti anayoisikia juu ya mti ni kima. Atajifunza kwamba hofu ni mlango wa kuulizia maswali, wala si ukuta.

Nne ni vijana, kuanzia miaka 14. Hawa wanaweza kusoma mambo mazito, na yafaa wayasome. Wapeni kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa mwaka 1960. Mtu anakutwa ameuawa penye mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba hiyo ni kazi ya mizimu. Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko chake, hafanyi haraka. Yeye anatafuta mkono wa mwanadamu. Wapeni pia Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere, ambamo mzuka wa Kaizari unamtokea Bruto usiku hemani. Kijana atafakari: Kwa nini mzuka ule ulimwendea Bruto? Hapo atajifunza kwamba aliyemwaga damu hufuatwa na damu aliyoimwaga.

Kwa nini tunasema kwamba vijana wayasome hayo? Kwa sababu, wapendwa, hapa kwetu vijana ndio wanaotumwa. Tuseme waziwazi. Katika kaunti ya Kilifi, kwa miaka mingi, wazee wamekuwa wakiuawa kwa panga, au kuchomewa nyumba, kwa kusingiziwa uchawi. Wako wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisionekane. Wako waliokimbia vitanda vyao wenyewe. Huko Ganze, mahali paitwapo Kaya Godoma, pamekuwa na makimbilio ya wazee wa namna hiyo. Na mara nyingi ukichunguza vizuri, kama Bwana Msa, utakuta chini ya habari za uchawi kuna habari za shamba. Mzee ndiye mwenye shamba, au ndiye anayekataa lisiuzwe. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilifanya kuwa kosa kumsingizia mtu uchawi. Sheria ilikuwako, lakini sheria haifiki kwenye mkeka usiku, watu wanaponong’ona mbele ya watoto na kudhani kwamba watoto wamelala.

Yule anayeshika panga akiwa na miaka 20 hakuanza siku ile. Alipokuwa na miaka 8 alikataa dafu.

Na sisi watu wa kanisa tusinyoshe vidole kwa wengine tu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, si mbali na Malindi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Ni watu walioambiwa kwamba mwisho wa dunia umefika, na kwamba kufunga chakula hata kufa ndiyo njia ya kumwona Bwana. Katika mashtaka yaliyosomwa mahakamani mwaka 2024 yalikuwamo ya vifo vya watoto 191. Hawakutishwa na kinyago cha Halloween hao, wala na kitabu cha zimwi. Jina la Mungu lilitumiwa kuwa kitu cha kutisha, katika mahubiri yasiyo na mlango wa kutokea. Mwalimu wa Jumapili, mhubiri, mzazi: kila mmoja wetu na ajiulize, ninapomtaja Mungu mbele ya mtoto, je, mtoto husogea karibu au hurudi nyuma?

Sasa tufungue Injili. Mathayo, katika sura ya 14, atusimulia jinsi wanafunzi walivyokuwa chomboni usiku, upepo ukiwa wa mbisho. Wavuvi wetu wa Malindi na Ngomeni wanajua hali hiyo. Wakaona mtu anakuja juu ya maji, wakapiga kelele, wakidhani ni kivuli cha mfu. Hao walikuwa watu wazima, wavuvi hodari! Naye Bwana hakuwacheka, wala hakuitumia hofu yao ili wamtii zaidi. Mara ile ile alisema nao, ili waitambue sauti yake. Tena katika Luka sura ya 24, baada ya kufufuka, waliogopa vivyo hivyo, wakidhani wanaona roho. Alifanya nini? Aliwaonyesha mikono yake na miguu yake. Walipokuwa hawajaamini bado, aliwauliza kama wana chakula. Wakampa kipande cha samaki, akala mbele yao.

Twaona hapa njia ya Bwana ya kuponya hofu. Asema kwa sauti inayojulikana, akaribia, aonyesha mikono, ala chakula pamoja na wanaoogopa. Mtume Yohana naye, katika waraka wake wa kwanza sura ya 4, afundisha kwamba penye pendo lililo kamili hofu haikai, hutupwa nje.

Basi turudi chini ya ule mwembe. Yule mwenzetu aliyekosea alikwenda kwa mama mzee, akapiga magoti, akamwambia yote aliyoyasema darasani, akaomba radhi. Mama alinyamaza kitambo kirefu. Halafu akasema, “Leo hamwondoki bila kula.” Jioni akapika sima, na samaki wa kukaanga. Akaweka sinia moja katikati, akamwita mjukuu wake akae kwa mkabala wake. Akamega yeye kwanza, akala, polepole, mtoto akimtazama kinywa. Kisha tukala sisi. Kisha mama yake mtoto akala. Mtoto alitutazama mmoja mmoja, kama anayengoja tuanguke. Hakuna aliyeanguka. Mwishowe mkono mdogo ukaja sinianyi, ukachukua kipande cha samaki.

Baada ya chakula, nyanya akasema, Paukwa! Mtoto akaitikia kwa sauti ndogo. Na hadithi aliyoisimulia ilikuwa ya paka aliyekula watu. Alijua alilolifanya mama yule. Alimchukua paka wa uvumi kutoka juu ya paa, akamtia ndani ya hadithi, akaufunga mlango.

Hatusemi kwamba mambo yote yaliisha usiku ule. Lile shauri la shamba lilipelekwa kwa chifu na wazee, likachukua muda mrefu. Kwa miezi kadhaa mama alilala kwa binti yake, kwa kuwa jamaa waliogopa. Lakini mjukuu wake ndiye aliyekuwa akimpelekea maji. Na mwalimu wetu, Jumapili iliyofuata, aliwaambia watoto wote kwamba yeye alikosa, na kwamba hakuna mtu aonekanaye mchawi kwa mvi zake, wala kwa macho yake mekundu kwa moshi wa kuni.

Wapendwa, kabla hatujaagana, chukueni mambo matatu. La kwanza: Someni kitabu ninyi kwanza, kabla ya kumpa mtoto, na filamu ya simuni mwitazame kwanza, mkiona hakina mlango wa kutokea, kiwekeni kando. La pili: Mtoto akija na habari ya kutisha yenye jina la mtu, msimfukuze aende kucheza. Mwulizeni amesikia kwa nani, na mfuate habari hiyo hata chanzo chake. La tatu: Juma hili, mpelekeni mtoto kwa mzee mmoja wa jirani, nyanya au babu, hawe au tsawe kama wasemavyo Wagiriama. Akae mkekani, ale naye, amwombe hadithi. Iwe ya kutisha, hatukatai.

Tuombe. Ee Baba, wewe uliyeumba mchana na usiku, walinde watoto wetu na hofu isiyo na mwisho. Walinde wazee wetu na ndimi zetu. Utusamehe sisi tuliokutaja ili kutisha. Utufundishe kusema kwa sauti ambayo mtoto akiisikia gizani ataijua, naye atakuja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Lalani salama, wapendwa. Mungu akipenda tutaonana tena juma lijalo, saa kama hii. Kwaherini.